Kaptura Ikimeza Kamba

Kwanza kabisa, acha kuvuta. Najua mkono wako uko wapi sasa hivi: umeshika ncha moja ya kamba iliyobaki nje, na moyo unakushawishi uichomoe yote ili uanze upya. Iache. Ncha hiyo ndiyo mali pekee iliyobaki mkononi mwako. Maadamu kamba ingali ndani ya upindo wa kiunoni, hata kama upande mmoja umezama, kazi ni ya dakika mbili tatu na haihitaji kifaa chochote zaidi ya sindano. Ukiichomoa umejitafutia nusu saa nzima, na kama ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la shule linapiga honi na mtoto ana kipindi cha michezo, nusu saa hiyo huna.

Ncha ya nje ifunge fundo nene, au ichome pini, isije ikamfuata mwenzake. Kisha papasa upindo kuanzia kwenye kitundu kilichobaki tupu, ukielekea nyuma. Kamba nyingi zina ncha ngumu ya plastiki au bati, au fundo dogo, na utaihisi ndani ya kitambaa kama punje ya kunde. Ukiipata ibane kwa vidole viwili, kitambaa na kamba pamoja, uisukume kuelekea kwenye kitundu. Kitambaa cha mbele yake kitajikunja marinda marinda. Hapo ndipo penye ufundi: ishike ncha upya kwa mkono wa pili, juu ya marinda hayo, achia mkono wa kwanza, halafu nyoosha kitambaa kwa kukirudisha nyuma. Ncha imeshasogea upana wa vidole viwili. Rudia. Ni mwendo wa kiwavi juu ya jani, anajikunja na kujikunjua, na kama kiwavi hufiki haraka lakini unafika. Wanaoshindwa huwa wanasahau hatua ya kunyoosha. Wanasukuma, wanaachia, kitambaa kinajirudia chenyewe pamoja na kamba, wanabaki pale pale wanalaani kiwanda.

Ncha ikifika kitunduni usiichokoe kwa kucha, utairudisha ndani. Ingiza ncha ya sindano kwenye kamba, inyanyue, itatoka yenyewe.

Njia hii ina mipaka. Kama ncha haina plastiki wala fundo, imelainika kama utambi, huwezi kuihisi. Na kama imerudi nyuma kiasi cha kuupita mshono wa nyuma, ule unaoshuka hadi kwenye makalio, acha ubishi. Hapo ndipo unaichomoa yote na kuipitisha upya.

Sasa unahitaji kitu cha kuitangulia kamba njiani. Kamba yenyewe ni legelege, haiwezi kusukumwa. Lazima iwe na kiongozi, kigumu kidogo, chembamba kidogo, kisicho na makali. Watu wengi nyumbani tunatumia pini, ile ya kujifunga yenyewe inayotumika kwenye nepi za watoto na mitandio ya wanawake. Pini ndogo sana itakupotea ndani ya kitambaa, kubwa sana itakwama kitunduni. Chukua yenye urefu kama wa kiungo cha juu cha kidole gumba, yaani sentimita tatu hivi, na kabla hujaitia kwenye kamba ipitishe kitunduni ikiwa tupu. Ikipita bila kusukumana, hiyo ndiyo.

Kama pini hakuna, usitoke kwenda dukani kabla hujatazama nyumbani. Mrija wa soda ni mzuri kuliko watu wanavyodhani: ingiza ncha ya kamba ndani ya mrija, ibane kwa pini moja ya stepla au izungushie selotepu, na mrija wote unakuwa kiongozi mrefu unaouona unakokwenda. Mrija ule wa plastiki wa ndani ya kalamu iliyokwisha wino unafaa kwa vitundu vidogo, kamba ukiifunga kwa selotepu mkiani mwake. Kibanio cha nywele kinashika kamba bapa vizuri sana, kamba ya mviringo kinaitema. Sindano ya kushonea magunia ina tundu kubwa linaloweza kubeba kamba nyembamba, ila hakikisha upande wa tundu ndio unaotangulia; ncha yake ikitangulia itatoboa upindo na utaenda kutokea nje katikati ya safari. Mti wa mishkaki sikushauri. Una vibanzi, na kibanzi kikibaki kiunoni mwa nguo mtu atajikuna siku nzima bila kujua anajikuna nini.

Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, hakuwa akitumia hata kimoja katika hivi. Gagulo lake likitoka kamba alichomoa uchelewa mmoja kwenye ufagio wa uani, akachagua mbichimbichi usiokatika ukipinda, akaukwangua kwa kisu mpaka ukawa laini kama sindano ya kufumia. Kamba aliifunga kwa uzi kwenye ncha nyembamba, na upande mnene ndio aliouingiza kitunduni kwanza.

“Mbona unatanguliza mnene, bibi?” nilimuuliza.

“Mwembamba utachoma nguo, mjukuu wangu. Mnene hauna pa kuchoma, utapita tu. Hebu nishikie huku.”

Uchelewa una sifa ambayo pini haina: ni mrefu. Unapita robo ya kiuno kwa msukumo mmoja, na unapinda kufuata duara la nguo. Kwa suruali za kulalia zenye upindo mpana, na kwa magagulo, mpaka leo sijaona kilichouzidi. Kwa kaptura ya michezo yenye lastiki haufai, kwa sababu kitambaa kimejikunja na uchelewa unataka njia iliyonyooka.

Turudi kwenye pini. Ichome kwenye kamba kama sentimita moja kutoka nchani, ipite katikati ya nyuzi na si pembeni, maana kwenye pembe kamba itachanika ukianza kuvuta. Kamba laini ikunje ncha mara mbili kabla ya kuchoma, ipate unene wa kushika. Ifunge pini mpaka uisikie imelia.

Upande upi wa pini utangulie? Pini hii ilivyo leo haijabadilika sana tangu Mmarekani Walter Hunt alipoipatia hataza mwaka 1849: waya mmoja, upande huu umejiviringa kuwa springi, upande ule una kofia ya kuficha ncha kali. (Haki ya hataza hiyo aliiuza kwa dola 400.) Mimi hutanguliza kofia. Ukivuta, kamba huteleza juu ya waya mpaka nyuma, ikakaa penye springi, na nguvu yote ya kuvuta inaishia hapo. Ukitanguliza springi, kamba itakuja kukaa karibu na kofia, na kila unapovuta unakuwa unaishawishi pini ifunguke. Pini kufunguka ndani ya upindo ni balaa dogo lakini ni balaa. Unaisikia kwenye kidole kabla hujaiona. Wapo mafundi wanaofanya kinyume, wakidai springi ni nyembamba na inapita kirahisi, na wana vidole vigumu kuliko vyangu.

Kabla hujaingiza pini, shughulikia mkia. Nakuomba hapa usiharakishe, kwa sababu nimeshaadhibiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napitisha kamba kwenye suruali ya traksuti ya mwanangu, usiku, umeme umekatika, tochi ya simu iko mdomoni. Nimezunguka kiuno chote, nimepita mshono wa nyuma uliokuwa mgumu kama mfupa, pini imetokeza upande wa pili inang’aa. Nikavuta kwa furaha. Kamba ikaja yote, mita nzima na ushei, ikaning’inia mkononi kama nyoka aliyeuawa. Mkia wake ulikuwa umeingia kwenye kitundu cha kwanza zamani, mimi sina habari. Tangu siku hiyo mkia wa kamba naufunga kwenye kitu ambacho hakiwezi kupita kitunduni: kifungo kikubwa, kalamu, kijiko cha chai. Fundo peke yake silitegemei, maana vitundu vya nguo za siku hizi vimewekwa ringi za bati pana, na fundo lililokazwa linapita humo bila hodi.

Ingiza pini, isukume kwa kidole gumba kutoka nyuma yake, na ule mwendo wa kiwavi urudi tena: kusanya kitambaa juu ya pini, shika pini kwa mbele, nyoosha kitambaa kuelekea ulikotoka. Kila ukimaliza kama robo ya kiuno, simama. Vuta kamba ifuate, isijikunje nyuma ya pini, na kama ni kamba bapa angalia haijajisokota. Utepe ukiingia umejipinda utabaki hivyo, na mvaaji atahisi uzi mgumu umemkata tumboni badala ya utepe uliotulia.

Mahali utakapokwama nakutajia mapema: kwenye mishono ya ubavuni, na zaidi kwenye mshono wa nyuma. Pale vitambaa viwili vimeunganishwa, na masalio ya mshono yamelazwa upande mmoja, yameacha kama mfuko mdogo ndani ya njia. Pini inaingia kwenye mfuko huo na kugonga ukuta. Ukizidisha nguvu unaichimbia zaidi. Irudishe nyuma kama sentimita moja, vuta kitambaa kwa mikono miwili mpaka mshono ulale bapa kama uliopigwa pasi, kisha ilaze pini upande wa nje wa nguo, mbali na masalio, uipitishe taratibu ikiwa imelala. Ikigoma, geuza nguo ndani nje ujaribu tena, au anza safari kutokea kitundu cha pili. Masalio yaliyolazwa kuelekea kushoto humzuia anayetoka kushoto, lakini anayetoka kulia huteleza juu yake. Hili la mwisho limeniokoa mara nyingi kuliko nguvu.

Ikiwa hata hapo hapapitiki, tazama vizuri kwa nje. Inawezekana kuna mstari wa uzi uliokatiza upindo kutoka juu hadi chini, nyuma katikati. Huo hauko hapo kwa makosa. Kiwanda kiliishona kamba mahali hapo isitoke, na kamba yako imetoka kwa sababu ilikatika au ilichanika kwenye mshono huo. Mara nyingi kipande cha kamba ya zamani bado kimo. Fumua uzi huo kwa ncha ya wembe, nyuzi mbili tatu tu, toa kipande, endelea. Tutaurudisha mshono huo mwishoni, na nitakueleza kwa nini naupenda.

Kaptura zenye lastiki na kamba pamoja zina hila yake. Nyingine zimeshonwa mistari kadhaa kuzunguka kiuno, lastiki imegawanyika, na kamba ina njia yake nyembamba katikati. Hizo ni rahisi, kazi ni kuvuta kiuno kinyooke tu. Nyingine kamba na lastiki vinalala chumba kimoja. Hapo pini hupenda kuchepuka ikaenda nyuma ya lastiki, au ikachoma kingo zake. Vaa kiuno cha kaptura kwenye goti lako uliloinua, au kwenye mgongo wa kiti, lastiki ivutike na kutanuka, kisha ongoza pini kwa nje, upande unaotazama dunia na si upande wa ngozi. Ukihisi pini imekuwa nzito ghafla, na kiuno kizima kinaifuata unapovuta, umeshika lastiki. Rudi nyuma.

Sweta la kofia, ambalo vijana wanaliita hudi, halina lastiki na lina mshono mmoja tu juu ya utosi, wakati mwingine hata huo haupo. Pini ndogo, dakika tano, basi.

Kuna hali moja ambayo haihitaji kiongozi kabisa, na inanisikitisha watu wanavyoipoteza. Kamba ya zamani ipo ndani, imechakaa au imechujuka rangi, unataka kuweka mpya. Watu huchomoa ya zamani kwanza. La! Ya zamani ndiyo kiongozi bora kuliko wote, imeshaijua njia. Zikutanishe ncha kwa ncha, ya zamani na mpya, zishone kwa uzi mishono minne mitano, uzungushie uzi huohuo pale zilipogusana zisiachie uvimbe, halafu vuta ya zamani polepole. Mpya itaingia nyuma yake kama behewa. Usizifunge fundo, fundo ndilo litakalokwama kwenye mshono wa nyuma. Fundi mmoja wa jirani hufanya hivi hata akijua suruali inakwenda kwenye maji ya rangi: anatoa kamba, na nyuma yake anaacha uzi mnene ndani ya upindo, kama mtu anayeacha mlango wazi kwa sababu atarudi.

Kuhusu kamba yenyewe. Ukiwa unanunua mpya, kwenye maduka ya vifaa vya cherehani utaikuta kwenye rola, unakatiwa kwa mita. Pima kiuno cha nguo kikiwa kimevutwa mpaka mwisho wake, na si kikiwa kimejikunja, uongeze sentimita 40, yaani 20 za kufungia kila upande. Mwenye kaptura inayotanuka hadi sentimita 100 atataka mita moja na sentimita 40. Pamba bapa ndiyo chaguo langu kwa kila nguo ya kiunoni. Inashikana na kitambaa, haitelezi, na fundo lake halifunguki mtu akikimbia. Kamba ya mviringo ya nailoni au poliesta inapendeza machoni lakini inateleza, na nyingi za kamba zinazochomoka ni za jamii hiyo. Kamba ya kiatu ni mbadala mzuri, hasa kwa kaptura ya mtoto, kwa sababu ina ncha za plastiki tayari. Ile ya sentimita 120 inatosha watoto wengi wa shule ya msingi.

Ncha zikifumuka, tofautisha. Ya nailoni au poliesta isogeze karibu na mwali wa mshumaa, isiguse, mpaka iyeyuke kidogo na kuganda. Usiifinye kwa vidole ikiwa moto, inang’ang’ania ngozi. Ya pamba usiipeleke kwenye moto, itawaka. Ifunge fundo, au izungushie uzi, au ichovye kwenye rangi ya kucha isiyo na rangi uiache ikauke. Ukiwa na mtoto anayetafuna ncha ya kamba darasani, rangi ya kucha iruke. Fundo linatosha, alitafune atakavyo.

Sasa ule mshono. Kamba imeshapita, ncha zote mbili ziko nje. Watu huishia hapo, na wiki mbili baadaye wanaanza upya, halafu wanasema nguo za siku hizi hazina ubora. Kamba haijichomoi kwa ukaidi. Hutoka wakati wa kufua, hasa tunapokamua: tunaisokota kaptura, kiuno kinajivuta huku na kamba inabaki kule, na kila ukifua inasogea upande mmoja. Kwenye mashine ni vilevile, ncha inajizungusha kwenye mkono wa shati na kuvutwa nalo. Dawa ni mishono minne ya mkono.

Zilinganishe ncha mbele, ziwe sawa. Vuta kiuno kitanuke mpaka mwisho, maana ukishona kikiwa kimejikunja utakuta kamba imekuwa fupi na nguo haipandi makalioni. Tafuta katikati ya nyuma. Mara nyingi ni pale penye lebo au mshono. Hakikisha kwa kidole kwamba kamba imelala katikati ya upindo. Chukua uzi wa rangi ya nguo, utunge mara mbili, uchome kutoka ndani, upite kwenye kamba yenyewe, utokee nje, urudi. Mara nne, kwa mstari wa wima, wenye urefu wa upana wa kamba tu. Malizia kwa ndani. Kwenye nguo yenye lastiki chumba kimoja na kamba, jaribu kuikwepa lastiki. Ukiichomachoma hukatika nyuzi na kiuno kikaanza kulegea mahali hapo. Fundi mwenye cherehani ataipiga nenda-rudi kwa sekunde kumi, lakini huna haja ya kumsumbua.

Kisha jaribu. Vuta ncha ya kulia kwa nguvu. Ya kushoto isiposogea, mshono umeshika.

Umalizapo, mazoea mawili ya kufulia: funga kamba kishada kabla nguo haijaingia kwenye maji, na kamua kwa kubonyeza badala ya kusokota. Najua la pili hutalifuata. Hata mimi silifuati, ndiyo maana nashona.

Kuna nguo moja ambayo nitakuomba usirudishie kamba. Ukinunua hudi ya mtoto mtumbani, iwe Karume au Gikomba, utakuta mara nyingi kofia ina vitundu viwili au upindo mtupu, hakuna kamba. Tunadhani imepotea kwenye robota, tunaitia nyingine, tunaona tumeokoa nguo. Mara nyingi haikupotea. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1976 kuzuia kamba za kofia kwenye nguo za nje za watoto. Marekani, tume yao ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996, na mwaka 2011 ikazitangaza kamba za kofia na shingo kwenye majaketi na masweta ya watoto kuwa hatari. Kiwango cha Ulaya, kinachojulikana kwa namba EN 14682, hakiruhusu kamba kofiani wala shingoni kwa watoto wa chini ya miaka 7. Sababu ni vifo vya kweli: mtoto anateleza kwenye mtelezo wa kuchezea, fundo la kamba linanasa juu, mwili unaendelea kushuka. Za chini ya jaketi zilinaswa na milango ya mabasi ya shule, basi likaondoka.

Kwa kamba za kiunoni na chini za majaketi ya watoto, mwongozo ule wa Marekani unataka kisichozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7 na nusu, kining’inie nje nguo ikiwa imetanuliwa kabisa; pasiwe na fundo wala kishikizo nchani; na kamba ishonwe kwenye nguo isiweze kuvutwa. Huo wa mwisho ni mshono wetu uleule wa nyuma. Kwa hiyo kaptura ya mtoto wako anayepanda baiskeli ishone, kisha punguza ncha, na badala ya lile fundo nililokwambia ufunge, ncha izungushie uzi. Na kofia ya hudi iache wazi. Kama anasikia baridi, kuna kofia za sufu.

Kimebaki kitu kimoja. Toa pini. Usicheke, ile asubuhi ya honi ya gari la shule, niliyoanza nayo, mwanangu alikwenda kwenye michezo na kaptura iliyopitishwa kamba barabara, mshono wa nyuma umeshika, ncha zimelingana, na pini ya sentimita tatu ikiwa bado imefungwa kwenye ncha ya kulia. Alirudi nayo saa tisa. “Mama,” akaniambia, “mwalimu kasema shikamoo, na pini yako hii hapa.”